Mama wa Ukurasa wa Tisa na Mtaa Uliosimama Wima

"Umefika," simu ilimwambia, kwa sauti ya mwanamke ambaye hajawahi kupotea maishani mwake.

Bernadine Kosko alikanyaga breki. Kulia palikuwa na ukuta wa mawe unaochuruzika maji. Kushoto, duka la matairi lililofungwa. Mbele, reli. Nyumba aliyokuja kuinunua, yenye vyumba viwili, baraza na mandhari ya mto, haikuonekana popote.

"Nimefika wapi, wewe?" aliiuliza simu. Simu ilikwishasema yake, ikanyamaza.

Ilikuwa Jumamosi ya Juni, saa nane mchana, joto limewalalia watu kama blanketi bichi. Saa kumi na moja jioni alitakiwa awe ameshatia saini. Nyumba yenyewe alikuwa ameiona kwenye picha tu, wala hakuona haja ya kuja mapema. Bei yake aliijua. Na mwanamke huyu alikuwa ameishi miaka ishirini na sita akiamini kwamba anayejua bei ya nyumba ameshaingia ndani, ameketi sebuleni na amefungua friji.

Kwetu Pittsburgh hatuvuki mto ovyo. Madaraja yapo mengi kuliko yanavyohitajika, lakini mtu aliyezaliwa ukingo huu anaweza kuzikwa ukingo huu bila kujua ng'ambo wanakula nini. Bernadine alizaliwa Cobley, chini kabisa bondeni, pale kilipokuwa kiwanda cha chuma, na akiwa na umri wa miaka sabini na mmoja Ferncliff ya ng'ambo aliijua kwa juu juu: binti yake aliolewa huko kileleni, kwenye nyua pana na mbwa wenye miadi ya kunyolewa. Alikwenda kwa barabara kuu, akarudi kwa barabara kuu. Ferncliff ya chini, hii ya reli na ukuta wa maji, hakuwahi kuikanyaga. Ila ungemwamsha usingizini angekutajia nyumba saba za mwisho kuuzwa huku, nani alimuuzia nani, na nani alilaliwa.

Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake. Kila Alhamisi gazeti la *Taa ya Bonde* lilitoka, na katika ukurasa wake wa tisa ziliorodheshwa nyumba zote zilizouzwa wiki ile katika miji midogo arobaini na mitatu inayolizunguka jiji: mtaa, muuzaji, mnunuzi, bei. Wasomaji walianza na ukurasa wa tisa, wakaenda kwenye vifo ukurasa wa kumi na moja, ndipo wakarudi mbele kuangalia kama kuna vita. Matangazo ya vifo humwambia mtu nani ametoka. Ukurasa wa tisa ulimwambia nani ameingia, ametoa ngapi, na kwa hiyo ana akili kiasi gani.

Kazi aliipata akiwa mjane mpya. Mumewe Stan aliendesha winchi kiwandani mpaka kiwanda kikafungwa, kisha akauza soseji uwanjani, kisha akafa mbele ya televisheni timu yake ikiongoza kwa mabao matatu, kifo ambacho angejiandikia mwenyewe kama angepewa fomu. Bernadine akabaki na taipureta ya parokia na jioni ndefu. Mhariri wa *Taa* akamwomba anakili orodha ya hati kutoka ofisi ya kaunti, kwa malipo ya petroli. Akanakili wiki tatu. Wiki ya nne akashindwa kujizuia, akaongeza mistari miwili yake chini ya orodha: "Ferncliff imepanda tena, asilimia sita. Wameanza kuita vibaraza vyao kwa majina ya Kifaransa. Jihadharini." Mhariri alitaka kuifuta. Simu za wasomaji zikamkataza.

Tangu hapo akawa Bernadine wa ukurasa wa tisa. Katika hati alisoma mambo ambayo padri huyasikia kwa kunong'onezwa. Nyumba ikiuzwa dola moja, ama mzazi anampa mtoto, ama mume anawakimbia wanaomdai. Jina la mke likitoweka kwenye hati Machi na la mwanamke mwingine likaingia Mei, hakuna haja ya maelezo. Watu walimletea sinia za pirogi, maandazi ya Kipolandi yaliyojazwa viazi, moto, yamepakwa siagi, wakimsihi aruke jina lao wiki moja tu. Alikula pirogi, akachapa jina. Padri wa parokia yake alipouza nyumba ya mapadri kimya kimya, akamjia kuomba busara, Bernadine alimkaribisha chai, akachapa bei mpaka senti.

Mganga hajigangi, wanasema. Huyu alijiganga, na hilo ndilo lililomponza.

Mwezi wa Februari aliandika: "Cobley imefika kileleni. Mwenye kuuza na auze." Akajiamini, akauza nyumba aliyozaliwa ndani yake kwa dola laki moja na elfu kumi na nane, taslimu, kwa kampuni moja ya mbali ambayo jina lake lilikuwa herufi tatu na namba. Lakini wasomaji nao wana macho. Walipoona Bernadine mwenyewe ameuza, wakasema huyu mama hafanyi jambo bure, lazima kuna watu wakubwa wanakuja. Wakamiminika Cobley na hundi mkononi. Kufika Juni nyumba kama yake zilikuwa zinakwenda laki moja na nusu, na hakuweza tena kununua hata banda katika mtaa wake mwenyewe. Tarehe ishirini na nane ya mwezi huo alipaswa kukabidhi funguo.

Binti yake, Denise, alikuwa na jibu tayari. Chini ya nyumba yake huko kileleni palikuwa na nafasi pana, kavu, yenye madirisha mawili madogo. Palikuwa pia na choo. Nyumba zetu za zamani nyingi zina choo hicho huko chini: bakuli jeupe limesimama peke yake katikati ya sakafu ya saruji, hakuna ukuta, hakuna mlango, kama kiti cha mfalme aliyepinduliwa. Wanaume wa kiwandani waliingia kwa nyuma, wakajisaidia na kuoga pale, ndipo wakaruhusiwa kukanyaga zulia.

"Mama, tumekuwekea pazia," Denise alimwambia.

"Pazia la nini?"

"La kuzungushia. La maua."

"Denise, nimezaa, nimezika, nimepanga foleni ya kupimwa matiti na wanawake thelathini. Lakini sitajisaidia nyuma ya maua huku Kip anatafuta bisibisi."

Kip ni mkwe. Mtu mwema, na siku zote anatafuta bisibisi.

Kwa hiyo alihitaji mlango wake. Hilo tu. Usiku mmoja akipitia orodha ya nyumba zinazouzwa akaiona: namba 31, Mtaa wa Larkin, Ferncliff, dola laki moja na elfu tisa. Ferncliff! Mahali ambapo bei ya kati ilikuwa laki nne na ushee! Tena ilikaa sokoni miezi minane bila kuguswa. Mtu mwingine yeyote angeuliza kwa nini. Bernadine hakuuliza, kwa sababu yeye ndiye aliyezoea kuulizwa. Alisoma tangazo: "Kwa wapenda mazoezi. Mandhari ya mto. Utulivu wa pekee, hakuna kelele za magari." Akampigia dalali usiku huo huo, akatoa ahadi ya bei yote, bila kupunguza senti, kabla wajinga wengine hawajazinduka.

Sasa dalali alitokea kwenye kivuli cha duka la matairi. Aliitwa Trent Vasko, kijana wa miaka thelathini na kitu, viatu vimechongoka kama kalamu.

"Bi. Kosko! Umefika!"

"Hata simu imeniambia hivyo. Nyumba iko wapi?"

Trent aliinua kidole. Hakukielekeza mbele wala kando. Juu.

Ubavuni mwa ule ukuta wa mawe, nyuma ya kichaka, palianza ngazi za zege zenye reli ya chuma iliyopakwa rangi ya kijani. Zilipanda, zikapinda, zikapanda tena, zikapotelea kwenye majani ya miti. Kwenye nguzo ya kwanza palipigiliwa kibao cha manispaa, safi kabisa: Mtaa wa Larkin.

"Hizi ni ngazi," Bernadine alisema.

"Kisheria ni mtaa. Kwenye ramani ni mtaa. Una taa, una namba, una..."

"Gari linapita wapi?"

"Gari halipiti."

"Kwa nyuma je? Juu kule?"

"Juu kule ni mwamba. Na paa wachache, wanyama wapole sana."

"Trent, mama yako yu hai?"

"Yu hai, namshukuru Mungu. Yuko Florida."

"Florida ni tambarare."

"Ndiyo maana alihamia."

Na kwa kweli hapakuwa na udanganyifu. Bernadine alilirudia tangazo kichwani, neno kwa neno, na kila neno lilikuwa kweli. Jijini kote kuna mitaa ya namna hii, kila mtu anaijua, yeye mwenyewe alipokuwa msichana alibusiwa kwenye mmojawapo. Ila kwenye orodha mtaa ni mtaa. Orodha haina kilima.

"Ziko ngapi?" aliuliza.

"Mia moja thelathini na mbili. Lakini kuna vituo vitatu vya kupumzika."

Karibu na kipandio cha kwanza palikuwa na benchi la mbao limejaa mizigo: mifuko ya dukani, katoni ya maziwa, kifurushi cha posta, mfuko wa mchanga wa paka. Kwenye mgongo wa benchi mtu alikuwa amepaka kwa brashi: MKONO MTUPU HAUPANDI. Mwanamke mrefu wa miaka sitini hivi, mweusi, kofia ya majani kichwani, alikuwa anachagua mizigo kama mtu anayechagua nyanya.

"Wewe," alimwambia Bernadine, akamtwisha mchanga wa paka. "Mpaka kituo cha kwanza tu. Atakayekuja nyuma ataendeleza."

"Dada, mimi ni mgeni."

"Mgeni ndiye mwenye mikono mipya."

Kisha akaona magoti ya mgeni, kila moja limefungwa bandeji nene. Akamnyang'anya mchanga, akampa pakiti ya karatasi za chooni, roli kumi na mbili. "Beba hizi. Kubwa lakini hazina uzito, kama ndugu zangu. Ni za Umberto wa thelathini na moja."

"Huko ndiko ninakokwenda."

"Basi mpelekee mwenyewe mpaka mlangoni. Mimi Odessa Pruitt, namba kumi na saba." Akamkazia macho. "Subiri. Wewe si yule wa picha ya ukurasa wa tisa?"

"Ndiye."

"Wewe! Uliandika kwamba nimenunua kwa elfu thelathini na nane! Kaka yangu akasoma, akapiga hesabu ya kilichobaki benki, akapiga simu kukopa."

"Ukampa?"

"Nilimwambia apande aje azichukue. Akafika kituo cha kwanza, akakaa, akarudi kwake." Odessa akaanza kupanda. "Watu wanaweka mbwa na kamera. Sisi tuna hizi."

Bernadine hakuwa na mpango wa kupanda. Lakini kuondoka bila kuiona nyumba kulimaanisha pazia la maua, na zaidi ya hayo alikuwa amekwishashika karatasi za mtu. Akashika reli.

Vipandio ishirini vya kwanza alivipanda kwa hasira, na hasira ni mafuta mazuri. Vilivyofuata alivipanda kwa mguu mmoja, ule wa kushoto ukitangulia kila mara na wa kulia ukija kujiunga naye, kama bibi harusi na mwenzake kanisani. Trent alikuja nyuma, jasho limemchora mgongo. Kituo cha kwanza, kipandio cha arobaini, palikuwa na kiti cha plastiki na ndoo ya mchanga wa vipisi vya sigara. Bernadine alikaa dakika kumi.

"Unajua unachotaka kununua?" Odessa alimuuliza.

"Nataka mlango."

"Wa nini?"

"Wa choo."

Odessa alicheka mpaka akaegemea reli. Bernadine akamweleza habari ya Denise, ya Kip na ya bisibisi, na Odessa akasema kwamba kwao mjomba wake alitumia choo kama hicho miaka arobaini, akawa anaimba kwa sauti ili watu wajue asiingiliwe, na ndivyo alivyopata nafasi kwaya ya kanisa.

Kwenye kituo cha pili Trent alikaa chini juu ya mkoba wake wa ngozi. "Nitawasubiri hapa," alisema. "Nyaraka zote ziko kwenye simu."

"Hujawahi kufika juu," Bernadine alimwambia.

"Nilipiga picha kwa droni."

"Mwanangu, unauza nyumba kama ndege anavyokunya. Kutoka angani, bila kuangalia chini kuna nani."

Ilimchukua dakika hamsini yote kwa yote. Karatasi za chooni zilifika kileleni zimeloa jasho upande mmoja.

Umberto Faiella alikuwa barazani, ana miaka themanini na minne, shati jeupe limefungwa vifungo mpaka shingoni kwa heshima ya mgeni. Aliinuka kwa kujisukuma na mikono miwili. "Bi. Kosko. Umenunua kabla ya kuona na umepanda kabla ya kukataa. Karibu ukae."

"Nimekuletea hizi."

"Uhai huo! Nilikuwa natumia gazeti. Usiogope, ukurasa wa michezo."

Alileta kahawa nzito na biskuti ngumu za kuchovya. Mto ulikuwa chini yao wote, umejipinda, mashua moja ya makaa ya mawe ikisukumwa taratibu, na ng'ambo ilikuwa Cobley yote: uwanja mtupu wa kiwanda, makanisa matano ya makabila matano ya Ulaya yasiyosalimiana, na paa la kijani la nyumba yake. Hakuwahi kuliona kutoka juu. Lilikuwa dogo kama kitu ambacho mtu angelipa laki moja na elfu kumi na nane kisha akadhani ameibiwa.

Nyumba ya Umberto ilikuwa nzuri. Alitafuta kasoro, akakosa. Sakafu ya mbao ngumu, jiko linalowaka, paa la miaka mitano. Na mwisho wa ukumbi mdogo, choo. Mlango wa mwaloni, mzito, kitasa cha shaba, komeo kwa ndani. Bernadine akaingia, akafunga, akasukuma komeo likalia *ka*, akakaa. Hakuwa na haja. Dirishani mto ulionekana. Alikaa humo dakika mbili nzima bila mtu yeyote duniani kutafuta bisibisi, na alipotoka alikuwa ameshaamua: atatia saini, na magoti yake yatajijua.

Alirudi barazani kumaliza kahawa. Odessa alikuwa amekaa kwenye kizingiti, anabandua gamba la biskuti. Bernadine akauliza, kama mtu anavyouliza habari ya mvua, "Na wewe mzee, ukitaka kitu hushuka mara ngapi?"

Odessa alikodolea macho biskuti yake.

Ikumbukwe kwamba mzee huyu alihitaji fedha zile. Mwanawe alikuwa Arizona, chumba kimeshaandaliwa, kilichobaki ni nyumba kuuzwa tu. Angeweza kusema mara moja kwa wiki. Nani angebisha?

"Mara ya mwisho ilikuwa Oktoba," alisema.

"Oktoba iliyopita."

"Ile kabla ya hiyo. Nilikwenda kumzika dada yangu. Kushuka nilishuka. Kupanda nilianza saa tisa mchana, na saa mbili usiku wakanifikisha askari wa zimamoto, wanne, kwenye machela, mmoja akinitukania wazazi kwa adabu. Tangu hapo daktari ananitazama kwa simu. Odessa ananinyoa. Misa naitazama kwenye televisheni. Watu wa hapa ni wema mno, Bi. Kosko, kila kitu kinanifikia. Nimekuwa kama Papa: nimewekwa juu, naletewa, napungia mkono. Ila dukani siwezi kwenda."

Mashua ya makaa ya mawe ilikuwa imefika kwenye kona ya mto.

"Kwa nini umeniambia?"

"Umeuliza. Ungeuliza habari ya paa ningekuambia habari ya paa."

Bernadine aliweka kikombe chini. Alitazama mlango wa mbele, ule mzuri, wenye kioo cha rangi juu yake. Mlango una kazi mbili, kuingiza na kutoa, na huu ulikuwa umebakiwa na moja. Laki moja na elfu tisa. Miezi minane wanunuzi wote waliofika chini kule, wakatazama juu, wakageuza magari, walikuwa na akili kumshinda yeye. Kwa mara ya kwanza katika miaka ishirini na sita aliikasirikia bei, kwa kuwa ilikuwa ya haki.

Alitoa simu akampigia binti yake, palepale barazani, mbele za watu.

"Denise. Sinunui. Nakuja kwako."

"Jamani, Mama! Kip, Mama anakuja! Pazia tumesha..."

"Pazia mkaushie magari. Nataka ukuta, pande zote nne. Nataka mlango wa mbao, siyo wa karatasi, na komeo kwa ndani. Nalipa mimi."

Kelele kidogo kwenye simu. "Kip anauliza ukuta wa nini."

"Mwambie ni wa kunizuia nisimwone. Na ule mlango wa nyuma, unaotokea uwanjani sawasawa na ardhi, ni wangu kuanzia leo. Anayetaka kuniona abishe hodi."

"Mama, Kip anaweka mashine ya kukata nyasi pale."

"Mashine nayo ibishe hodi."

Wakavutana. Denise alitaka Jumapili zote mama apike, Bernadine akatoa Jumapili moja kwa mwezi na Krismasi, wakaishia Jumapili mbili. Kodi, Bernadine alisema, atalipa, kwa sababu asiyelipa hawezi kufunga mlango kwa nguvu. Binti akaanza kulia kidogo, au kucheka, simu haikuwa na nguvu ya kutosha kutofautisha. "Komeo la shaba," Bernadine akamaliza. "Linalolia." Akakata.

Umberto alikuwa ameshafungua kifungo kimoja cha shingo. Alisukuma sahani ya biskuti upande wa mgeni, na hilo likamuuma Bernadine kuliko lawama.

"Unakosea jambo moja," Bernadine alimwambia. "Wewe na yule mtoto mwenye viatu. Mnaficha ngazi."

"Nani anunue ngazi?"

"Nisikilize, mimi nasoma majina. Miaka miwili sasa, wanaonunua huku ni vijana wa hospitali na wa kompyuta. Hawana magari, wana baiskeli. Wanalipa dola mia kila mwezi kupanda mashine ya ngazi ndani ya jengo, huku wanatazama ukuta. Ile haifiki popote. Hii inafika kwako." Akainuka, akashika reli ya baraza, akapaza sauti kuelekea kituo cha pili. "Trent!"

"Naam!" sauti ikapanda kupitia majani.

"Ondoa lile tangazo! Andika upya! Neno la kwanza, ngazi! Mia moja thelathini na mbili, herufi kubwa! Weka lile benchi la chini! Weka maandishi yake!"

"Bei tushushe kiasi gani?"

"Nani kasema kushusha? Laki moja na elfu thelathini na mbili! Elfu moja kila ngazi!"

"Bi. Kosko, hiyo ni... soko litakubali?"

"Soko nililiambia liuze Cobley, likanunua Cobley yote! Andika!"

Odessa aligonga kizingiti kwa kiganja. "Na yangu je? Ya kumi na saba? Ni ngazi ya sabini na moja!"

"Wewe usiuze. Wewe ndiye wanayemnunua."

Ilikuwa saa kumi na nusu. Bernadine alitengeneza bandeji zake, akamshika Umberto mkono kwa mikono miwili, kama watu wa Cobley wanavyofanya msibani na harusini. Aliahidi kumpigia kila Jumatatu kumpa habari za soko. Umberto akauliza kama jina lake litatoka ukurasa wa tisa siku ya kuuza.

"Mpaka senti," Bernadine alisema. "Padri mwenyewe hakupona."

Odessa akamkabidhi mfuko wa takataka wa namba thelathini na moja, umefungwa vizuri kwa kamba. Anayeshuka naye ana wajibu wake. Bernadine aliupokea bila kubisha. Akageuka ubavu kama kaa, akashika reli kwa mkono mmoja na takataka kwa mwingine, akaanza.

Umberto na Odessa walibaki barazani. Kwa muda waliona nywele zake nyeupe, kisha majani yakamfunika, ikabaki sauti: alikuwa anahesabu kwa kurudi nyuma, na kila baada ya vipandio vichache alimlaani mpangamiji mmoja wa manispaa, aliyekufa zamani, pamoja na ukoo wake. Kwenye kituo cha pili walimsikia akimwamuru Trent abebe mfuko. Trent akasema viatu vyake ni vya ngozi. Walisikia jibu pia, na Umberto akajifanya kiziwi.

Baada ya robo tatu ya saa mlango wa gari ulifungwa chini kule. Gari dogo la buluu likatoka kwenye kivuli cha duka la matairi, likavuka reli, likaingia darajani polepole, linarudi kwao.

"Alikuwa mnunuzi mzuri," Umberto alisema.

"Hakununua, mzee."

"Ndiyo. Lakini wengine wote walinikatalia chini."